Mkwe wa Mama Kibet

Jumatano, Endebess

Ati hakuna Mwafrika anayetembea tu! Ofisa wa mpakani Suam alilishika begi langu la mgongoni kama aliyekamata jambazi.

"Mzungu mwenye hii mzigo yuko wapi?"

Nikamwambia ni langu, natoka Morogoro, nimezunguka Uganda kujionea nchi. Akacheka, akaiweka pasipoti yangu chini ya kikombe chake cha chai. Nikaanza kuogopa kwamba nitalala pale.

Ndipo mama mmoja muuza vitunguu akajipenyeza mbele. "Huyu ni bibi ya kijana yangu, Kibet. Alitoroka, sasa namrudisha nyumbani. Si umgongee muhuri, bana!"

Akagonga papo hapo. Mke kutoroka alielewa. Matembezi hayakumwingia akilini.

Mama amenileta kwake, akanipikia kuku. Jioni Kibet akaingia na ndoo ya maziwa, kijana mrefu mwenye haya.

"Sasa," akanisalimu. "Nasikia tumeoana."

Nikajificha nyuma ya kikombe changu cha chai.

"Kwani ulinitoroka kwa nini?"

Nilicheka mpaka chai ikanitokea puani.

Kesho nilipanga kwenda Bungoma. Nimemwambia Mama mguu unaniuma, naomba kupumzika hadi Ijumaa.

Mguu hauna neno.