Siku ya Kumchagua Mchili

Jumanne, mwezi wa saba. Baridi ya kukunja vidole. Ukungu ulishuka alfajiri ukalala kwenye migomba, na mlima hatukuuona mpaka watu walipokuwa wameshakusanyika.

Leo mtaa wetu umemchagua mchili. Waliosimama walikuwa wawili: Filipo mume wangu, na baba yake mzazi.

Naandika taa ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, na huko nje kuna kelele za ajabu nitakazozieleza mwishoni. Kwanza nieleze vizuri, maana nikija kuyasoma haya uzeeni nitadhani nilitunga.

Mchili ni mkono wa Mangi, mtawala wetu, huku mtaani. Ndiye anayekusanya kodi. Ndiye anayepuliza pembe kuwaita watu mferejini maji yakipotea, au barabarani mvua ikiibomoa. Kesi za mipaka na za mbuzi waliokula maharage ya jirani huanzia kwake, zikimshinda ndipo ziende barazani kwa Mangi. Baba mkwe, Mzee Tadei, ameifanya kazi hiyo tangu Filipo hajaota meno. Aliwekwa na Mangi. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyedhani kwamba kuna wa kuulizwa.

Kisha Wachagga wa mlima mzima wakamchagua Mangi Mkuu kwa kura, na mwonja asali haonji mara moja. Watu wakaanza kusema, kama mkubwa wa wote tumemchagua sisi, huyu wa mtaani kwa nini tuletewe? Mangi wetu akakubali. Vijana wakaja hapa nyumbani kumwomba Filipo asimame, kwa kuwa amefanya kazi Moshi kwenye maghala ya kahawa, anasoma magazeti, na hapigi kelele anapozungumza. Mimi nilijua atakataa. Akakaa nao siku mbili tatu akinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha akakubali.

Alikwenda kumwambia baba yake mwenyewe, hakutuma mtu. Nilikuwepo, nimeshika kata ya mbege.

“Baba, sisemi umekosea,” alisema. “Ila mchili akiwekwa na watu, akikosea watamwondoa.”

“Na mchili anayewaogopa watu atawatozaje kodi?”

“Atawaeleza inakokwenda.”

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. “Hata mimi mwenyewe sijui inakokwenda!” Halafu kicheko kikaisha, akaiweka kata yake chini kabla mbege haijafika nusu. Tangu siku ile hakumsemesha mwanawe tena.

Katikati yao nikabaki mimi na kikapu changu.

Kila jioni humpelekea baba mkwe chakula, na kwetu kikapu hakirudi kitupu. Utawekewa ndizi mbili, au viazi, au hata limau moja, mradi kuwe na kitu. Tangu ugomvi uanze, chakula kililiwa na bakuli likaoshwa, lakini kikapu kilirudi kitupu. Nilikuwa nakibeba njia nzima kikiwa chepesi, naona aibu hata kukutana na majirani.

Nikiri hapa, ambapo hakuna atakayenisuta: nilitaka Filipo ashinde. Na nilitaka baba mkwe asishindwe. Nilipojifungua binti wa pili, na watu wakaanza kunisema kwamba sizai wa kiume, mzee yule alichinja mbuzi mnono vilevile. Ndugu yake alipomuuliza mbuzi mzima huyo wa nini, akajibu, “Nimemchinjia mjukuu wangu, sikuchinjia kaptura.” Mtu akikusitiri hivyo mbele za watu unampenda mpaka unaingia kaburini.

Leo asubuhi, kabla ya chai, akaja mama mkwe. Alikuwa amekunja kitu ndani ya kanga. Jani la isale.

Isale ni mti tu. Tumeupanda kwenye mipaka ya vihamba vyote, mashamba yetu ya nyumbani, na mbuzi hawausumbui. Lakini mtu akikujia na jani lake mkononi, humkatalii. Hata kama alimwaga damu ya ndugu yako, akikuletea isale kuomba yaishe, yameisha. Wazee wanasema anayelikataa hujitakia mwenyewe.

“Mpelekee mumeo kabla hawajasimama,” mama mkwe aliniambia. “Ajitoe. Baba yake asiaibishwe na watu aliowaamuru maisha yake yote.”

Nilimuuliza kwa nini asilipeleke mwenyewe. Akasema akimwona mwanawe atalia, na akilia hataweza kusema. Basi nikalifunga kiunoni, chini ya kanga.

Wanawake hatukuitwa kuchagua. Tulisimama pembeni ya uwanja wa shule ya misheni, chini ya migomba, eti tunatazama tu. Lakini mimi nilikuwa na jani moja ambalo lingemaliza uchaguzi mzima kabla haujaanza. Karani wa Mangi alikuwa bado anapanga watu. Filipo akaja ukingoni kuniomba maji. Alikunywa, akanirudishia kibuyu.

Mkono wangu ulishafika kiunoni.

Nikaurudisha.

Nilifikiri hivi: angetii. Angekwenda kwa karani akasema najitoa, na wale wote walioshuka na ukungu ule wangerudi nyumbani wamenyang'anywa kura yao na mke wa mtu. Na baba mkwe angebaki mchili kwa kuhurumiwa, naye si mtu wa kukaa juu ya kiti cha namna hiyo. Nasema nilifikiri hivyo. Huenda nayafikiri sasa. Huenda nilitaka tu kuitwa mke wa mchili, Mungu anajua.

Karani akawasimamisha wawili hao wautazame mlima, watu wawe nyuma yao, wasigeuke mpaka waambiwe. Amtakaye nani ajipange nyuma ya huyo. Baba mkwe alivaa koti refu alilopewa na Mangi zamani, lililofifia mabegani. Mwana na baba walisimama wanakaribiana kiasi cha kupeana ugoro, wala hawakutazamana.

Watu wakaanza kutembea.

Sikujua kwamba kura ina sauti. Ni miguu tu kwenye nyasi zenye umande, lakini aliyesimama mbele huisikia inakoelekea. Miguu ikapita nyuma ya mzee, ikaenda upande wa pili. Ikapita tena. Wachache wakabaki kwake, wa rika lake, mmoja anajiegemeza kwenye fimbo. Kila kundi lililompita, mzee akazidi kuunyoosha mgongo, mpaka lile koti likamkaa kama siku aliyopewa. Nilitamani wanaume kumi wapotee wakaingie mstari wake kwa bahati mbaya. Nilikuwa nalia, na mama mkwe kando yangu alikuwa analia pia.

Karani akahesabu, ingawa hata kipofu angejua. Akawaambia wageuke.

Baba mkwe aliutazama mstari mrefu kwanza. Kisha akawageukia wake wachache, akamwinamishia kichwa mmoja mmoja, kama mtu anayeshukuru wageni mlangoni. Filipo hakuwatazama watu. Alimtazama baba yake, akasimama pale na mikono yake imening'inia. Vijana wakampigia vigelegele na miluzi, yeye kama hasikii.

Hapo ndipo nilipofanya nisilojua kama nitaweza kulifanya tena. Niliingia uwanjani kwa wanaume, nikalifungua jani kiunoni, nikamwekea Filipo mkononi.

“Mpelekee baba,” nikamwambia.

Alielewa. Alivuka zile hatua mbili tatu akiwa amelishika kwa mikono miwili. Mzee alilitazama jani muda mrefu. Mwishowe akalipokea, akalitia mfukoni mwa koti, akaenda zake nyumbani. Watu wakashusha pumzi. Yameisha, walisema, yameisha, wakaenda kutafuta mbege.

Kwangu mimi hayakuisha. Isale halikataliwi, ndilo lililonitafuna njia nzima. Alilipokea kwa kuwa alitaka, au kwa kuwa hakuna Mchagga anayelikataa? Msamaha usioweza kunyimwa utaujuaje kama ni msamaha?

Filipo naye alishinda amekaa barazani petu nyumbani na kata ambayo hajainywa. Mbele yake kulikuwa na filimbi ya chuma aliyoachiwa na karani, ya kuwaitia watu. Pembe ya baba mkwe si mali ya Mangi wala ya Serikali. Ni yake, aliachiwa na baba yake, na hakuna agizo linaloweza kumpokonya. Kesho kuna kazi ya mfereji, umebomoka huko juu. “Nitawapigia watu wazima filimbi kama mwamuzi wa mpira,” alisema, akajaribu kucheka.

Jioni nikapika kiburu, ndizi na maharage, nikakibeba kwa moyo mzito. “Shikamoo, baba.” “Marahaba.” Nikaweka bakuli karibu yake, nikatoka kumsubiri jikoni na mama mkwe. Nilijua atanigombeza kuhusu lile jani. Alichochea moto kwanza, kisha akanishika mkono.

“Umelizungusha,” alisema. “Lakini limefika.”

Baba mkwe alipomaliza kula, nilikuta kikapu kimefunikwa na jani la mgomba. Nikakiinua. Kilikuwa kizito.

“Usikiinamishe,” aliniambia, anatazama kando. Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa boma aliponiita. “Mama Manka.”

“Abee, baba.”

Akanituma neno moja nimfikishie mwanawe. Nalo nililibeba kwa uangalifu kuliko kikapu.

Nyumbani Filipo akafunua. Pembe. Imepakwa mafuta mpaka inang'aa, na mdomo wake umefutwa. Aliishika bila kuipeleka kinywani. “Ni isale,” alisema polepole. “Amefungwa na isale tu.”

Nikamwambia isale linamtaka mtu asamehe, halimtaki atoe pembe aliyoachiwa na baba yake. Akatikisa kichwa, hakuamini. Ndipo nikampa lile neno, kama nilivyopewa:

“Mwambie mchili, kesho mferejini nitachelewa kidogo. Magoti haya.”

“Amesema umwambie nani?”

“Mchili.”

Aliniomba nirudie, nikarudia. Akacheka, halafu akafunika uso kwa mikono yote miwili, na Manka, binti yetu wa kwanza, akaja kuniuliza kwa mnong'ono kama baba anaumwa.

Sasa yuko nje anajifunza kuipuliza. Inatoa mlio wa mbuzi aliyekabwa na kamba, watoto wamelala chini kwa kucheka. Kesho alfajiri lazima ilie sawasawa, la sivyo mzee hatajua ni saa ngapi aanze kuchelewa.