Nilikataa Kuwasha Kiyoyozi, Sasa Wanataka Niwe Msimamizi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo natakiwa kumjibu bosi. Mimi ni karani wa kampuni ndogo ya kusafisha na kutengeneza viyoyozi, ofisi kuu iko Jinja na sisi wa tawi tuko Mbale, kazi yangu ni kupokea simu za wateja na kuwapangia mafundi waende wapi, mashine zenyewe sijawahi hata kuzigusa. (Majina ya watu nimeyabadilisha.)

Wiki iliyopita tulikuwa na kazi kwenye ukumbi wa mikutano kule Industrial Division, hapa hapa Mbale, mali ya mama mmoja anaitwa Hemlata, na kwa kuwa msaidizi wa fundi Sebit alikuwa mgonjwa, mimi ndiye niliyeombwa kusimama chini kwenye swichi kubwa ya viyoyozi, Sebit akiwa juu ya paa anaosha mashine mbili za nje. Kwetu kuna mazoea kwamba fundi akimaliza kuosha anateremsha ndoo tupu kwa kamba, askari wa getini akiiona anapaza sauti, na mtu wa swichi anawasha, ndivyo wamefanya miaka yote na hakuna aliyekufa. Basi ndoo ikashuka, askari akasema, "Kazi imeisha, karani, washa," na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi, lakini nikakumbuka kwamba Sebit mwenyewe sijamwona, nikaogopa, nikaondoa mkono, nikasema nitawasha akishuka nimwone kwa macho.

Mama Hemlata akatoka ukumbini anajipepea kwa bahasha. "Dada, wageni wangu wanaiva humo ndani. Ndoo si imeshuka?"

"Imeshuka, mama, lakini fundi hajashuka."

"Kwani unataka na yeye ashushwe kwa kamba?"

Watu wakacheka. Akampigia simu bosi wetu, Bwana Manish, aliyekuwa Jinja, akaifungulia sauti wote tusikie. "Washa, binti," bosi akasema, "huyo ni mteja mkubwa." Nikamjibu, "Bwana, nisamehe, siwashi," nikaegemeza mgongo kwenye swichi ili mtu yeyote asiifikie.

Hapo ndipo kichwa cha Sebit kilipochungulia ukingoni mwa paa. "Nani anapiga kelele huko? Leteni ndoo ingine, hii inavuja." Kumbe aliishusha kwa sababu ilitoboka. Alipoteremka alituambia kwamba muda wote tuliokuwa tukibishana, mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mashine ya pili hadi kwenye kiwiko, katikati ya mapanga ya feni, anatoa kiota cha ndege. Mama Hemlata aliketi pale pale kwenye ngazi, kisha akaingia ndani akaniletea soda kwa mkono wake, akawasimulia wageni, nao wakanipigia makofi.

Tangu siku hiyo mafundi wananiita afande, na Bwana Manish alikuja Mbale akatamka mbele ya wote kwamba anataka niwe msimamizi wa usalama wa mafundi wa Mbale na Jinja. Mshauri, sitadanganya, nilirudi nyumbani Nabuyonga nikitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Lakini mimi nilikataa kwa hofu, si kwa ujuzi, na je, siku moja akija mteja mkali zaidi, au bosi akipandisha sauti zaidi, nami nikawasha, na juu kuna mtu? Nikubali, au nibaki na simu zangu?

Karani Mwoga,
Nabuyonga, Mbale

MSHAURI ANAJIBU

Karani, jina hilo ulilojipa ulifute leo. Mwoga angewasha, kwa sababu mwoga humwogopa mteja kabla ya kitu kingine chochote. Wewe ulimwogopea Sebit, na Sebit leo anakula kwa mkono wake wa kulia. Furahi bila kuomba radhi.

Sasa nikugombeze kidogo. Umekaa na habari ya hiyo ndoo miaka yote na hukuuliza kitu mpaka siku ulipowekwa wewe kwenye swichi. Na hayo maneno ya "hakuna aliyekufa" usiyarudie tena. Nyumba nyingi zenye msiba ziliyasema juzi tu.

Hofu yako ya mwisho ni ya kweli. Ndiyo, siku moja unaweza kushindwa. Utakuwa umechoka, au bosi atakuwa amekasirika. Kwa hiyo usiyategemeze maisha ya watu kwenye ushujaa wako. Kubali kazi, lakini kwa sharti: kila fundi apewe kufuli lake lenye ufunguo mmoja. Kabla hajafungua mashine, yeye mwenyewe azime swichi, aifunge, apande na ufunguo mfukoni. Mteja alie, bosi afoke, hakuna atakayeweza kuwasha mpaka mwenye ufunguo ashuke. Ndoo ibaki na kazi ya kubeba maji.

Kisha jifunze mashine, umesoma, hutashindwa. Mwambie Sebit akuoneshe kapasita, ile inayobaki na umeme hata swichi ikizimwa, na kwa nini fundi hupima kwa testa, kile kipimo cha umeme, kabla ya kugusa waya. Na wewe, unapopokea simu, mwambie mteja mapema kwamba ukumbi utakuwa na joto siku hiyo, asialike watu.

Neno la mwisho ni kuhusu Bwana Manish. Amekusifu, vizuri, lakini yeye ndiye aliyekuamuru uwashe. Jumatatu mwombe awe mwanafunzi wako wa kwanza. Afunge kufuli, atie ufunguo mfukoni mwake, apande paa, ainame pale alipoinama Sebit na kuyatazama yale mapanga. Akishatulia hapo, simama chini umwulize kwa sauti kubwa: "Bwana, niwashe?"