Niliwaombea Makadeti Wangu Mpaka Wakaogopa Ndege

Shangazi Pam, pokea salamu kutoka Keumbu, na unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana tangu Jumapili bado siamini nilichokiona.

Mimi ni mwalimu na mzee wa kanisa, tena ninalea kikundi cha makadeti sita wanaotaka kuwa marubani, nikamtafuta rubani mmoja wa Kisumu, Kapteni Odoyo, akakubali kuwarusha bure kwa ndege yake ndogo, mmoja mmoja, dakika kumi tu, na wa kwanza alikuwa Gesare, msichana wa miaka kumi na tano ambaye tangu darasa la nne haongei kitu kingine ila ndege, na unajua huku kwetu safari haianzi bila maombi, basi nikawapanga mbele ya wazazi nikaomba, na jameni nikishaanza kuomba sijui breki iko wapi, nikataja injini kuzimika, nikataja bawa kukatika, nikaomba hata wakianguka roho zao zipokelewe, akina mama wakalia, mamake Gesare akamkumbatia akikataa kumwachilia, na Kapteni ananitazama tu mdomo wazi.

Wueh! Gesare akapanda hivyo hivyo, na haikufika dakika tatu tukaona ndege inarudi. Kumbe Gesare alipiga nduru huko juu akamng'ang'ania rubani mkono ule ule wa usukani. Mungu wangu, wangeanguka! Jana ameniletea sare yake ikiwa imekunjwa, akasema, "Mwalimu, mpe mwingine." Mamake anashukuru. Wale watano nao wanasema hawapandi. Kapteni atarudi Jumapili hii, mara moja tu. Na nikiri, mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Nifanyeje?

Mwalimu Joash

Mwalimu Joash, nimesoma barua yako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Umemfanyia mtoto mazishi akiwa hai, mamake akitazama! Hiyo ilikuwa hofu yako, ukaisema kwa sauti ukaiita maombi. Najua unawapenda, asiyewapenda hangehangaika kutafuta rubani, lakini pole yangu inaishia hapo.

Nenda kwa Gesare leo. Sare usimlazimishe, mwambie tu iko kwako. Jumapili maombi yawe sentensi moja, na aombe mtu mwingine! Mwambie Kapteni awaonyeshe ndege ikiwa imezimwa, waishike, wafunge mikanda, aeleze kila mlio kabla hawajausikia, na mikono ikae wapi. Huko juu aende polepole, bila mbwembwe. Mtoto akisema turudi, ndege irudi, na asichekwe na mtu. Gesare akitaka kukaa chini atazame wenzake, mwache atazame.

Lakini kabla ya mtoto yeyote, unapanda wewe, wote wakikuona. Ukishuka umetapika, usikimbilie kujificha nyuma ya gari. Mwendee Gesare na shati hilo hilo chafu, umwambie mbele ya mamake kwamba mwoga siku ile ulikuwa wewe, si yeye.