Nitaikaguaje Ndege Iliyomwokoa Mke Wangu?

Shangazi Yusta, shikamoo. Mimi ni mkulima wa parachichi hapa Mbalizi, simlalamikii mtu, nimejaa shukrani tu na ndizo zinazonisumbua. Mwaka jana mke wangu Lusia alivuja damu kichwani, madaktari wakasema afike Dar siku hiyohiyo, nikampigia Abbas, rafiki yangu muuza vipuri mjini Mbeya, naye akampigia shemeji yake wa Iringa, mzee Burhanuddin, mwenye ndege ndogo ya jeti, basi yule mzee hata hakuniuliza nitalipa nini, akaja nayo mwenyewe uwanja wa Songwe, Lusia akapakiwa hajitambui, na leo anaimba kwaya na kunigombeza kama zamani, nasema ndaga, asante Mungu, kila nikimwona.

Sasa mzee anaiuza, ni ya zamani ila inang'aa, na mimi siku ya kutoa shukrani kanisani nikashika kipaza sauti nikatangaza kwamba nitainunua iwe inabeba wagonjwa, vigelegele vikapigwa, mchungaji akalia, nimeshatangaza kuuza malori na shamba. Abbas ananiambia, "Bwana Eliezeri, lete kwanza mhandisi asiye wetu, injini zinakaribia matengenezo makubwa." Lakini Shangazi, nimpelekee fundi mtu aliyenirudishia mke, kama vile namshuku? Mbona Fuso nanunua kwa kusikiliza injini tu na sijawahi kuumia? Lusia naye kanuna, anasema, "Ukiinunua bila kukaguliwa mie siipandi, na shamba huuzi." Nisaidie, nisije nikaonekana sina fadhila.

Eliezeri, Mbalizi

Marahaba, Eliezeri. Kupona kwa Lusia kumenifurahisha mpaka nimemsomea jirani barua yako. Haya, kaa sasa nikuseme.

Fuso ikikuzimikia mlima Kitonga unaegesha pembeni, unaweka matawi barabarani, unampigia fundi. Huko juu utaweka matawi wapi? Ndege kuwa ya zamani si kosa, zipo zilizotunzwa vizuri, lakini kununua ndiyo kazi ndogo. Rubani, bima, vipuri na hizo injini vitakula shamba na nyumba, halafu Lusia uliyerudishiwa utamlisha nini? Na ukaguzi si matusi, baba. Muuzaji muungwana anautarajia. Ikianguka na mgonjwa wa watu ndani, huyo mzee utakuwa umemlipa wema au umemwachia kilio?

Tena jeti inataka uwanja wa maana. Mgonjwa wa huko milimani atafikaje uwanjani, atabebwa mgongoni? Hapo ndipo wengi wanapotufia. Tafuta gari imara la wagonjwa linalopanda utelezi, liwe na dereva na mafuta. Jumapili shika tena kipaza sauti, waambie washarika umebadili nia. Watakaocheka wacheke, wakiugua watapanda. Shamba liondoe sokoni leo, na Lusia umwombe radhi, maana ndiye mwenye akili humo ndani.

Kuna jambo limeniudhi lakini. Barua nzima ni ndege, ndege, hukusema popote kama mmekwenda kwa mzee Burhanuddin kumsalimia. Eliezeri! Mara ya mwisho yule mzee kumwona mkeo, alikuwa amelala kwenye machela. Mpeleke Iringa. Wewe baki nyuma kidogo, umwache Lusia atembee mpaka mlangoni, abishe hodi mwenyewe.