Mstari Nilioutoa Mvua Ikinyesha

Kasulu, Jumatano, Machi 2013

Sikukusudia wausikie.

Wiki ya nne sasa muuguzi anatukusanya kwenye banda la kliniki, sisi tuliojifungua tukabaki kulia tu, ili tuimbe pamoja. Kila mmoja hutoa mstari wake, wengine huitikia. Zamu yangu ikifika huwa nachezesha midomo, basi.

Leo mvua ilipiga mabati mpaka hatusikilizani. Nikaona hapa hakuna wa kunisikia, nikaimba lile ambalo sijamwambia mtu: "Simpendi mwanangu, simpendi." Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mvua ikakatika ghafla, sauti yangu ikabaki peke yake.

Wakaitikia kwa mazoea, wote: "Simpendi mwanangu, simpendi." Muuguzi akainamia daftari lake.

Nilitaka kukimbia. Ndipo Mama Zawadi, yule mchangamfu wa Nyakitonto ninayemwonea wivu kila wiki, akaurudia polepole, peke yake. Hakuwa anaitikia. Alikuwa anamtazama mtoto wake.

Nikisema nimepata nafuu nitakuwa najidanganya. Nimerudi na uzito uleule, na sasa kuna watu wanaojua.

Mama mkwe kaniuliza, "Leo mmeimba nini, mwanangu?"

"Nyimbo za kumshukuru Mungu, mama."

Akafurahi kweli. Akaniwekea mtoto mapajani. "Basi mwimbie na yeye."

Ninaye hapa, analia. Mstari ninaoujua ni ule mmoja tu.