Kona ya Tangi la Maji

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini mgongo umetulia na basi la shule halikusumbui. Mimi mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Ningekupigia simu, lakini kwa simu huachi mzaha, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Nilikwambia ofisi yetu inachagua mashine ya rada, ya kuona kilicho chini ya lami bila kuchimba. Zililetwa mbili za majaribio. Moja hufungwa nyuma ya gari na kupima bila kusimamisha magari mengine, lakini huona matabaka ya juu tu. Ya pili husukumwa kwa mikono. Hiyo huona chini zaidi, ila lazima barabara ifungwe. Zamu yangu ya kusema ilipofika niliichagua ya gari. Nilikukumbuka ulivyokuwa ukinisema kwamba kila tukifunga barabara, watoto wanachelewa na lawama unabeba wewe. Mkuu wetu alifurahi, ikanunuliwa.

Siku ya kurudisha ile ya kusukuma, fundi wa wauzaji aliniita nione ilichopima kwenye kona ya tangi la maji. Alisema maji yamekula udongo pembeni mwa kalavati linalopitisha maji chini ya barabara, na chini ya lami pamebaki uwazi ambao mtu mzima angeweza kujikunja akalala. Tulipitisha mashine yetu mpya hapo, ikaonyesha lami nzima. Na kweli lami ni nzima.

Nilimwomba mkuu tufunge tuchimbe. Alisema hawezi kufunga barabara kwa vipimo vya mashine tuliyoikataa, na nisitie watu hofu. Nilikwenda mpaka kwa mkubwa wake. Jana jibu likaja: tusubiri ukaguzi ujao. Nimeishiwa la kufanya.

Mama ameniambia unajisifu kwamba siku hizi nakupenda, kila asubuhi niko pale konani nakupungia mkono. Dada, sikuja kukupungia. Nilikuwa nikisubiri jibu huku nikiangalia magurudumu yako ya nyuma mpaka yavuke, kana kwamba macho yangu yangeweza kuishikilia lami. Nilikuficha kwa kuogopa kufukuzwa kazi, na naona haya.

Kuanzia kesho pitia njia ya kiwandani. Najua ni mbali. Najua watoto watachelewa. Wachelewe. Mimi nitakuwa palepale konani, magari ya wengine yakipita, na sijui niwafanyie nini.

Nisalimie shemeji, na hao abiria wako wadogo.

Ni mimi mdogo wako,
Mtu wa Barabara