Sauti ya Lifti

Dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute mzima wewe na watoto, na lile goti lako liwe linakutii kuliko tulivyokutii sisi wadogo zako. Mimi sijambo. Najua utashangaa kupata barua, tena yangu, baada ya miaka miwili ya kimya. Kwenye simu ungenikatia, na ungekuwa na haki. Ndani ya bahasha kuna fomu inayohitaji saini yako kabla ya mwisho wa mwezi. Usipoitia, mwenzangu mmoja kazini atarudi kuongozwa kwa mkono kama mgeni. Soma kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Bado ni fundi wa jengo katika kile kituo cha huduma za jamii. Watu huja kwa ushauri, kwa mafunzo ya ushonaji, kujaziwa fomu, na wengine huja kukaa tu kwa sababu ukumbini kuna feni. Mwaka huu tumefungiwa lifti mpya. Haina vitufe, ina kioo bapa kinachong'aa, unagusa namba inawaka. Siku ya uzinduzi mkurugenzi alitutangazia kwamba sasa teknolojia imemfikia kila mtu.

Ilikuwa haijamfikia mshauri wetu wa simu. Yeye ni kipofu na ofisi yake iko ghorofa ya tatu. Lifti ya zamani aliipanda peke yake miaka tisa, akivipapasa vitufe vyake. Hii mpya ikamsimamisha mlangoni kila asubuhi, akingoja mtu wa kumgusia kioo. Aliniambia, bila hasira yoyote, kwamba anaona wamempandisha cheo, siku hizi ana dereva.

Nikabandika vibandiko vya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona, juu ya kile kioo, nikajipongeza. Kesho yake mshauri akaingia, akapitisha kidole ili asome. Kioo hakijui kusoma ni nini. Kila alipogusa kikadhani ameagiza. Lifti ikasimama kila ghorofa, ikapiga kengele ya hatari, ikamrudisha palepale alipoingilia. Alipotoka aliniuliza kama hiyo kazi niliijaribu nikiwa nimefumba macho. Sikuwa nimefumba, dada. Niliijaribu nikiwa nimeyakodoa.

Nikatoboa ukuta wa lifti chini ya kioo, nikafunga vitufe vya kweli, usawa wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Hapo ikabaki sauti, maana asiyeona lazima aambiwe amefika wapi. Sauti ya kiwandani ilisema lugha ya kigeni, tena mbiombio. Mkurugenzi akajitolea kurekodi, ikasikika kama anagawa barua za onyo. Nikarekodi yangu. Bibi mmoja anayekuja kila Jumanne alisema kuna kijana humo ndani anamfokea, akashuka kwa ngazi na mkongojo wake.

Ndipo nikaweka sauti ya tatu, na sikumwambia mtu ni ya nani. Yule bibi sasa huijibu, kila ghorofa anasema asante mwanangu. Mshauri amerudi kupanda peke yake. Juzi aliniambia kwamba zile nyingine zilikuwa zinatoa taarifa, lakini huyu anaongea kama mtu anayekungoja huko juu. Nilijifanya nakaza skrubu.

Mkurugenzi naye alipouliza sauti ni ya nani, nilimjibu ni ya ndugu yangu, na ameridhia. Akafurahi, akanipa fomu ya ridhaa. Sheria ya kituo ni kwamba mwezi ukiisha bila saini, sauti inafutwa na ya kiwandani inarudishwa. Fomu ilikaa kwenye droo yangu wiki tatu.

Sasa nikiri. Ndugu mwenyewe ni wewe, na hujaridhia kwa sababu hujawahi kuulizwa.

Ulipoondoka kwa shemeji na kuhamia kwako, ulinitumia ujumbe wa sauti wa kunielekeza. Ulisema nikishuka kituo cha basi nifuate ukuta wa kiwanda cha sabuni mpaka mwisho, niingie geti la kijani. Ukasema nyumba ya kwanza anakaa fundi cherehani, ya pili kuna mbwa anayebweka bure, ya tatu ndiyo kwako. Mlango uko wazi, ukasema, ingia tu. Siku hiyo nilikuwa nimekaa na shemeji, tunakunywa chai yake, na nilikuwa nimekubaliana naye kwamba una kichwa kigumu. Nilijua alivyokutenda. Nilijua, na nikanyamaza kwa kuwa ni rafiki yangu. Ujumbe sikuujibu, wala kuufuta.

Ndio nilioukata vipande kwa ajili ya lifti. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, mlango uko wazi. Nimeusikiliza mara mia na zaidi nikitafuta mahali pa kukata, na kila mara nilisikia unavyosita kidogo kabla ya kusema ingia tu, kama mtu asiye na hakika kwamba atakuja mtu. Watu mia mbili kwa siku wanafuata maelekezo yako, wageni watupu. Uliyemwelekeza hakufika. Naona aibu, dada, na ninakuomba msamaha kwa makosa yote mawili, la sauti na lile kubwa.

Fomu ukiichana, nitaifuta sauti siku hiyohiyo na kumweleza mshauri mimi mwenyewe kwamba nilidanganya. Atapata tabu, lakini kosa litakuwa langu. Ukiitia saini, usiitume kwa posta. Jumapili ijayo, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni kwako kuichukua. Nikikuta umefunga, nitaelewa. Nitagonga mara moja tu.

Wasalimie sana wajomba zangu, mkubwa na mdogo, waambie mjomba wao yupo. Mungu akulinde.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi